Bahasha Nyembamba

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba za mchana, Evariste aliweka bahasha ya mshahara mezani, akavua kofia yake ya udereva na kutamka neno lile lile.

"Leta imekula tena."

Leta ni Serikali, kinywani mwa watu wa Likasi. Akishasema hivyo alinawa mikono na kukaa kungoja bukari, ugali wake, ametulia kabisa, kama kwamba kuitaja Serikali kumemaliza shauri lote. Na kweli, kwa miaka sita shauri lilikuwa likiishia hapo. Alphonsine alichungulia ndani ya bahasha, akaguna, akaitukana Serikali kwa sauti ya chini, maana mwaka ule wa sabini hapakuwa na mtu Likasi aliyeitukana kwa sauti ya juu, kisha akaenda kupakua chakula.

Mtu anaweza kuichukia Serikali miaka sita bila taabu. Haina uso, haipiti mbele ya mlango wako, haivai kitambaa kizuri kukuzidi. Taabu ya Alphonsine ilianza siku alipopata wa kumchukia mwenye uso, naye alikuwa Gertrude, jirani yake wa ua kwa ua.

Gertrude alikuwa mke wa Barnabé. Barnabé na Evariste walikuwa madereva wa tajiri mmoja, Mgiriki mwenye malori saba ya kubeba mawe ya shaba kutoka Kamatanda kupeleka viwandani. Waliajiriwa wiki moja, wakapandishwa daraja siku moja, walipokea mshahara kwenye dirisha moja. Hata malori yao yalifuatana namba: la Barnabé la tatu, la Evariste la nne. Lakini Jumamosi ya mshahara, kwa Gertrude ilichemka nyama ya ng'ombe, harufu yake ikiruka ua bila hodi, na kwa Alphonsine vilichemka vidagaa. Kwa Gertrude hata mtoto wa mwisho alivaa viatu. Kwa Gertrude kulikuwa na redio. Pasaka ile Gertrude alikwenda kanisani na kikwembe kipya, kitambaa cha manjano chenye ndege wa buluu, akapita katikati ya kanisa kwenda kupokea komunyo, polepole, ndege wakitikisika nyuma yake. Alphonsine aliyebaki kwenye benchi akawahesabu ndege wote. Yeye hakwenda kupokea, kwa kuwa hakufunga ndoa kanisani. Evariste alikuwa akisema tutafunga, mwaka ujao, Leta ikituachia kidogo.

Gertrude hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alipitisha kibakuli cha mchuzi juu ya ua bila kuombwa. Alphonsine alikipokea, akashukuru, akaula mchuzi wote na chuki yake pembeni.

Mtaani Kikula, mwanamke mwenye mtoto hakuitwa kwa jina lake. Gertrude alikuwa Mama Fidèle. Alphonsine alikuwa Mama Simone, kwa jina la binti yake wa kwanza. Jina la ubatizo lilibaki kwa padri na kwa mama mzazi. Hata Evariste hakuwa amelitamka tangu Simone azaliwe, na Alphonsine mwenyewe angeitwa kwa ghafla barabarani labda asingegeuka.

Wiki moja baada ya Pasaka uvumilivu ulimwishia. Alimkuta Gertrude anaanika nguo.

"Mama Fidèle, weye unafanyaka namna gani? Feza ya Baba Fidèle na ya Baba Simone, si iko moja?"

"Iko moja, mama."

"Na empo, ile kodi ya Leta? Baba Fidèle habamukatake empo?"

"Banamukata, ee. Lakini kidogo tu." Gertrude akapima kidogo hicho kwenye ncha ya kidole. "Mwezi hii ilikuwa zaire moja na makuta kidogo. Tena banamuongezeaka feza ya batoto. Na kwenu?"

"Kwetu vilevile," Alphonsine akadanganya, akageuka kwenda zake.

Kwao zilikuwa zaire tano. Evariste mwenyewe alikuwa amemtajia, kwa uchungu, mkono kifuani. Alphonsine aliingia ndani akaketi juu ya kitanda. Serikali moja, tajiri mmoja, malori yanayofuatana namba, halafu huyu akatwe moja na yule akatwe tano? Kwani Serikali inamjua Evariste kwa ubaya gani? Haiwezekani. Na hapo jambo lote likawa jepesi kichwani mwake, jepesi hata akashangaa kwamba alilala usingizi miaka yote hiyo. Iliyokuwa ikila haikuwa Serikali. Ilikuwa ina matiti mawili.

Tangu siku ile Evariste hakupumua bila kupimwa. Alphonsine alinusa mashati yake: mafuta ya dizeli na vumbi la mawe, basi. Lakini mwanamke mwenye akili hajipaki manukato akienda kwa mume wa mtu, kwa hiyo shati lisilonukia nalo likawa ushahidi. Akichelewa, kosa. Akiwahi, ametumwa na nani awahi? Jioni moja alimsikia akiimba kidogo huku anaosha miguu, na moyo ukampasuka. Mtu anayeliwa na Serikali anaimba kwa furaha gani?

Haikuchukua muda kupata jina. Njiani kuelekea Kamatanda, pale malori yanapopunguza mwendo, palikuwa na mwanamke aitwaye Angèle aliyeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachopendwa na madereva. Watu walimsifu kwa mambo mawili, munkoyo wake na kicheko chake. Alphonsine hakuhitaji la tatu. Alimfunga Philippe mgongoni, mtoto wake wa pili, akatembea saa nzima juani, akilipanga neno lake la kwanza na kulipangua.

"Njo weye Angèle?"

"Njo minye. Kikombe kikubwa ao kidogo?"

"Sitaki kikombe. Nataka bwana yangu."

Madereva wawili waliokuwa wakinywa wakaviweka vikombe chini, wasikose kitu.

"Bwana yako njo nani, mama?"

"Evariste. Lori namba ine."

Angèle akamtazama, kisha akaangua kile kicheko chake chenye sifa. "Ule? Mama, ule anakunywaka kikombe kimoja, tena kile kidogo, na anasimama kungojea chenji ya likuta moja! Kazi yake ni kulia empo. Leta inanimaliza, Leta inanimaliza. Kwa muntu wa vile minye nitakula nini?" Akafuta jasho. "Kama feza yenu inapoteaka, tafuta fasi ingine. Ikala, kunywa. Umetembea na jua kali."

Madereva wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Alphonsine alikunywa, kwa kuwa alikuwa na kiu na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake. Munkoyo ulikuwa mtamu, na hilo nalo likamuudhi. Alirudi nyumbani na aibu ya kutosha mwezi mzima, lakini wivu haukumwachia hata hatua moja. Kama si huyu, ni mwingine. Labda mwingine huyo hauzi kitu, anakaa tu ndani anangoja.

Chini ya kitanda Evariste alikuwa na kopo la biskuti alimoweka karatasi zake za mshahara, zote, za miaka sita, zimepangwa vizuri kuliko nguo za watoto. Alphonsine alijua kusoma kidogo, Kiswahili cha katekisimu alichofunzwa na masista kule Mwadingusha, baba yake alipokuwa akifanya kazi kwenye bwawa la umeme. Karatasi hizi zilikuwa za Kifaransa. Aliona jina la Evariste, akaona tarakimu, akaona mahali palipoandikwa sifuri. Akachukua mbili, akazikunja ndani ya kitambaa cha kichwa, na Jumanne asubuhi akaenda ofisini kwa Mgiriki kumwona karani wa mishahara.

Karani aliitwa Édouard. Alikuwa mzee wa miwani, msafi, mwenye ugonjwa mmoja tu: alipenda kueleza. Ukimuuliza saa alikueleza namna saa inavyofanya kazi.

"Bonjour, Musieu Édouard. Minye muke ya Evariste, ule wa lori namba ine."

Mzee akamwangalia juu ya miwani. "Muke ya Evariste?"

"Ndiyo."

"Kumbe," akasema, na kumwonyesha kiti.

Alphonsine akaziweka karatasi mbele yake. Alikuwa amejiandaa kuuliza kwa werevu, kwa kuzunguka, lakini swali likatoka lenyewe. "Nionyeshe empo ni ngapi ya kweli. Naona bwana yangu ananidanganya. Anakataka feza anapelekea mwanamuke, kisha anasema Leta."

Mzee akaweka kidole kwenye mstari. "Empo njo hii. Zaire tano na makuta kumi. Ni ya kweli, mama. Evariste hakukudanganya hata likuta moja."

Ilimpasa afurahi. Badala yake aliona kama ameibiwa adui. "Na Barnabé? Juu ya nini ya Barnabé iko zaire moja?"

"Ya Barnabé si yako kuona. Lakini naweza kukueleza." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, amefurahi. "Muntu mwenye muke na batoto, Leta inamusikilia huruma, inamukata kidogo. Tena batoto bake banapata feza yabo. Lakini célibataire, muntu asiye na muke, ule anakula peke yake, Leta inamukata mingi. Evariste anakatwa sawa célibataire."

"Banakosea, basi."

"Habakosei. Ona hapa." Kidole kikasogea. "Célibataire. Na hapa, batoto: sifuri."

Alphonsine aliitazama ile sifuri. Philippe alikuwa mgongoni pake, anampiga teke la mbavu.

"Soma tena," akasema.

Akasoma tena. Kisha, kwa kuwa alipenda kueleza na hakuona ubaya wake, akaendelea. "Kila mwezi wa kwanza namuambiaka: Evariste, bantu banasema uko na muke ku Kikula. Kuya na karatasi ya ndoa, hata ile ya kimila banaandikaka ku commune, ofisi ya mtaa, na minye nitakuandika siku ile ile. Anajibu: achia tu, Musieu Édouard, Leta ikule. Minye nimefanya kazi hii miaka makumi mbili, mama. Sijaona muntu anapenda empo vile."

"Na kama akiandika muke, anaweza kuandika babili?"

"Mumoja. Fasi ya muke iko moja tu."

Njia ya kurudi Alphonsine hakuiona. Alikuwa amewaonea wivu watu wengi: Gertrude kwa nyama yake, Angèle kwa kicheko chake, wanawake wote waliopita katikati ya kanisa kwenda mbele. Sasa wivu wake ulikuwa umekamatana na nafasi tupu kwenye karatasi. Miaka sita, kila mwezi, Evariste alikuwa ameitolea nafasi ile zaire tano ili ibaki tupu. Viatu vya Simone vilikuwa mle. Nyama ilikuwa mle. Kikwembe chenye ndege kilikuwa mle. Afadhali angekuwa na mwanamke. Mwanamke unamfuata unamvuta nywele. Nafasi tupu unaivuta nini? Na swali likawa linamzunguka kama nzi: anaitunzia nani?

Evariste aliporudi jua likiwa bado juu, alimkuta amesimama mlangoni na karatasi mbili mkononi. Hakukana. Alikaa kwenye kizingiti, kofia bado kichwani.

"Ni karatasi tu, Mama Simone."

"Baiskeli ulipelekea baba yangu ilikuwa ya nini? Mbuzi tatu zilikuwa za nini?"

"Za kukuoa. Nilikuoa. Nani anasema sikukuoa?"

"Leta inasema. Tena weye njo uliiambia."

Ndipo akatoa yote, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Miaka ile ya vita vya Katanga, watu wa Kasai walipofukuzwa mjini, mama yake alipanda treni na godoro kichwani, akarudi kwao Kasai, Mwene-Ditu, na nyumba yake ya Likasi ikabaki na wengine. Evariste alipotaka kurudi kutafuta kazi, mama alimwapisha. Utakula kule, utalala kule, lakini mwanamke wa kuandikwa kwenye karatasi atatoka hapa kwetu. Alikula kiapo. Kisha akakutana na Alphonsine, akampenda, akamwoa kwa baba yake, na kiapo kikabaki chini ya kitanda kwenye kopo la biskuti.

"Kwa hiyo unanifichaka kwa mama yako, na Leta inakulipisha."

"Ninalipa minye. Sikukuomba weye ulipe."

"Unalipa weye? Batoto bangu banatembea miguu tupu, na unasema unalipa weye?"

Alphonsine alifikiri haraka, na katika haraka ile akatoa sharti ambalo baadaye alitamani angelimeza. "Minye sijue kusoma Kifaransa yenu. Lakini bahasha nitaisoma. Siku bahasha ya weye itakuwa mnene sawa ya Baba Fidèle, siku ile nitayua niko muke. Mbele ya pale, usiniambie kitu."

Mwezi wa sita Evariste aliomba likizo, akapanda treni kwenda Mwene-Ditu kuzungumza na mama yake. Siku kumi na sita. Alphonsine alizihesabu. Alirudi amekonda, ana gunia la karanga na macho ya mtu asiyelala.

"Imekwisha," akasema. "Mama ameitika."

"Ameitika karatasi?"

"Ameitika karatasi. Nimeishaipeleka kwa Musieu Édouard."

Alphonsine hakuuliza zaidi. Kama ungekuwa umengoja miaka sita nawe usingeuliza. Evariste hakumtazama usoni, lakini treni ile ya Kasai inamchosha kila mtu, na yeye alikuwa na haraka ya kufurahi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa saba, saa saba za mchana, Evariste aliweka bahasha mezani na hakusema neno. Kwa mara ya kwanza hakuitaja Serikali. Bahasha ilikuwa imevimba. Alphonsine aliishika kabla ya kuifungua, akaibonyeza kwa vidole, akacheka peke yake. Zaire saba zaidi! Kodi imeshuka, na za watoto zimeingia. Alipika nyama ya ng'ombe na akaacha sufuria wazi makusudi, ili nayo harufu yake iruke ua. Alasiri akaenda sokoni akanunua viatu viwili vya Simone, vyekundu, na kikwembe chekundu chenye tausi. Tausi mmoja alikuwa mkubwa kuliko ndege watatu wa Gertrude. Alipima.

Jumapili alipita nacho mbele ya ua. Gertrude aliacha kupeta mchele. Macho yake yakakaa juu ya wale tausi muda mrefu kuliko adabu.

"Ee, Mama Simone! Na ninyi Leta imebakumbuka?"

"Imetukumbuka, mama."

"Tausi inafaa sana," akasema Gertrude, na kitu kidogo kikali kikapita usoni pake. Alphonsine alikitambua mara moja, maana alikaa nacho miaka. Akalala usingizi wa mtoto.

Jumatatu alijaza kikapu karanga za Mwene-Ditu, akavaa tausi wake na kwenda kumshukuru Édouard. Tena alitaka kitu kimoja zaidi: aonyeshwe jina lake. Herufi za jina lake alizijua, masista walimfundisha. Alitaka aweke kidole mwenyewe.

Mzee alipomwona mlangoni alisimama kabisa, mikono wazi.

"Mama Marcelline! Karibu, karibu! Sasa mambo iko sawa!"

Alphonsine akageuka kuangalia nani ameingia nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na mlango tu, na jua la ua.

"Karanga ni za minye? Mama, weye uko muntu." Édouard alikuwa tayari amekwisha fungua jalada. "Nilimuambia Evariste, unaona sasa? Kitu kidogo vile, miaka sita! Ona. Niliandika minye mwenyewe, na wino nyeusi." Akasoma kwa fahari, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Marié, muntu mwenye muke. Ndoa imeandikwa Mwene-Ditu, mwezi wa sita. Muke: Marcelline. Batoto babili: Simone, Philippe. Mama yabo: Marcelline."

Alphonsine aliinamia karatasi. Alitafuta herufi yake ya kwanza, ile inayosimama kwa miguu miwili. Katika mstari ule haikusimama mbele. Chini yake aliliona jina la binti yake, zima, zuri, limeandikwa kwa wino mweusi, na mbele yake jina la mama asiyemjua.

"Futa," akasema.

"Nini?"

"Futa yote. Rudisha empo ya zamani. Zaire tano, na makuta kumi. Mukate sawa célibataire."

Édouard akaanza kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Mama Marcelline, kuko nini? Tangu nizaliwe sijasikia muntu anaomba empo. Kufuta ni kazi ya bwana, aje yeye na karatasi ingine. Mama Marcelline..."

"Minye Alphonsine," akasema, na jina lilitoka geni, kama la mtu aliyekuwa safarini. Akaacha karanga mezani, akatoka.

Evariste alipofika jioni aliikuta meza imepangwa. Kikwembe cha tausi kilikuwa kimekunjwa vizuri, juu yake viatu vyekundu, juu ya viatu bahasha na pesa zilizobaki. Alphonsine alikuwa amekaa upande wa pili, amejifunga kitambaa chake cha zamani cha kupikia.

"Mama Simone..." alianza.

"Mama Simone iko Mwene-Ditu. Musieu Édouard amenisomea."

Evariste akajaribu kukaa, akakosa kiti, akashika meza. "Sikia. Nilifika, mama alikuwa ameishafanya yote, muke ameishamutafuta. Mahari imeishalipwa, mama mudogo na mjomba bote bamekaa. Mama alilia siku tatu. Na weye ulisema unataka bahasha. Nilifikiri ni karatasi tu, feza itakuwa ya weye na batoto. Feza si iko yako? Si niliiweka mu mukono yako?"

"Atakuya lini?"

Evariste akainyoosha bahasha juu ya viatu.

"Evariste. Atakuya lini?"

"Mwezi wa tisa."

Ng'ambo ya ua Gertrude alikuwa anamwita mtoto wake aje kula, na redio yake inaimba. Alphonsine aliusukuma mrundo wote, kitambaa, viatu na bahasha, polepole, mpaka ukafika kifuani pa Evariste.

"Hii utamuwekea yeye. Iko na jina yake," akasema. "Kwa minye, nenda kesho kwa Musieu Édouard, umuambie akukate yote kama zamani. Ile bahasha nyembamba njo ilikuwa yangu."